Bakuli Moja la Kobe

Soko zima la Korogwe lilimwita Mjapani, naye aliitika. Jina lake hasa lilikuwa Rajnikant, mtoto wa pili wa marehemu Kantilal, yule aliyekuwa na duka la nguo kwenye njia ya stesheni. Mhindi wa duka, kila mtu anajua, ni mtu wa kukaa. Hukaa kwenye kiti chake tangu asubuhi mpaka jioni, na akitaka kitu hunyoosha kidole. Huyu alikuwa mtu wa miguu. Hata uzeeni, jua likianza kupoa alifunga vifungo vya koti, akakata mitaa ya Manundu, akatokea Kwamndolwa katikati ya mahindi ya watu, na kila penye moshi alisimama kuuliza kinapikwa nini. Watu walicheka. Wengine walisema huko Japani alikokaa walimlisha kitu. Hilo la kulishwa lilikuwa kweli kuliko walivyodhani, na lilimharibia maisha.

Alipelekwa Japani mwaka 1935, akiwa na miaka ishirini na minne, yeye na Manjula mkewe wakiwa hawajamaliza mwaka tangu waoane. Wakati huo kanga za bei nafuu zilitoka huko, lakini mizigo iliyofika Korogwe ilikuwa ni mabaki waliyoyakataa wa Mombasa. Ndugu mmoja wa ukoo alikuwa na ofisi katika mji wa Kobe, akaandika kwamba anataka kijana anayejua macho ya wanawake wa Tanganyika, yaani wanataka nyekundu ipi na wanakataa ipi. Girish, kaka mkubwa, alijua hesabu tu. Aliyewajua wanawake wa mnadani Handeni kwa majina, na kwa wivu wao wa nguo, alikuwa Rajnikant.

Mama yao, Urmila, waliyemwita Ba kama Wagujarati wote wanavyomwita mama, hakubisha. Siku ya safari alimwita jikoni, akammiminia maji kiganjani.

"Sema," alimwambia. "Nyama, samaki, yai, havitapita kinywani mwako huko uendako."

Rajnikant alisema, akayaachia maji yaanguke. Kwa watu wa nyumba ile, walioacha nyama tangu mababu wa mababu, neno lililosemwa juu ya maji halifutiki. Alidhani yamekwisha. Kumbe mama naye alikuwa na lake. Alichukua bakuli la chumvi kutoka kwenye rafu yake, akampa Manjula.

"Na mimi tangu leo chumvi siili," alisema, "mpaka mwanangu arudi aniambie kwa kinywa chake kwamba neno amelishika."

Ni desturi yao. Mwanamke huacha kitu anachokipenda ili aliye mbali alindwe. Mwingine huacha sukari, mwingine samli. Urmila, ambaye achari yake ya ndimu ilisifiwa mpaka Tanga, aliacha chumvi.

"Ni miaka mitatu, Ba," Rajnikant alisema.

"Basi ni miaka mitatu," alijibu mama, akarudi kwenye chapati zake.

Kobe ni mji uliobanwa kati ya mlima na bahari, kama mtu aliyelala kitanda chembamba. Kitu cha kwanza alichokipenda Rajnikant ni kwamba huwezi kupotea: ukipanda unakwenda mlimani, ukishuka unakwenda baharini. Nyumba walimolala makarani wa Kihindi ilikuwa kwenye mteremko, na mpishi wao alikuwa mzee mkali aliyepika viazi na dengu mchana, halafu akafunga jiko kama anafunga benki. Jioni kila mtu alijitegemea. Wenzake walikaa ndani kucheza karata wakilaani baridi. Rajnikant alitoka. Mwanzoni alitoka kwa upweke tu, maana chumba kilinuka dawa ya nondo na usiku ulikuwa mrefu. Baadaye alitoka kwa sababu miguu ilikwisha kuzoea.

Alitembea mitaa myembamba ambayo wazee waliimwagia maji mbele ya milango yao, kila mmoja kipande chake, bila kuvuka mpaka wa jirani hata kwa tone. Alisikia viatu vya mbao vikigonga mawe. Saa za alasiri alipita muuza jibini ya soya akipuliza tarumbeta ndogo yenye sauti ya huzuni, na wanawake walitoka na sahani zao. Wakati wa baridi kulikuwa na mzee wa viazi vitamu vya kuchoma, mwenye mkokoteni na jiko juu yake. Rajnikant alinunua kimoja, akakiweka ndani ya koti juu ya tumbo, akatembea nacho mpaka joto lipungue, ndipo akakila. Aliandika nyumbani kwamba viazi vya Kwedizinga ni vitamu zaidi, lakini vya Kobe hukutunza kwanza kabla hujavila. Watoto wa mtaa walimfuata wakimwita Mhindi kwa lugha yao. Alicheka, maana Korogwe nako watoto walimwita hivyo hivyo.

Katika kuzunguka huko aliiona nyumba ya tambi. Ilikuwa na pazia la buluu mlangoni, viti sita, na chungu kimoja kikubwa kilichochemka tangu alfajiri. Mwenyewe alikuwa mama wa makamo, mume wake akikanda unga nyuma, binti mkubwa akiosha mabakuli, na kijana mdogo akifanya masomo chini ya meza. Rajnikant alikwisha kujifunza maneno aliyoyahitaji kuliko salamu. Akayasema moja moja: nyama hapana, samaki hapana, yai hapana. Yule mama alisikiliza kwa makini kama mtu anayepewa dawa, akainamisha kichwa, akamletea tambi nene nyeupe katika mchuzi, na juu yake majani ya vitunguu na kipande cha jibini ya soya iliyokaangwa. Akaliweka bakuli mbele yake kwa mikono miwili.

Mchuzi ulikuwa mwepesi, unaona mpaka chini. Hapakuwa na kitu. Lakini ulikuwa na ladha ambayo hakuwahi kuionja, ya chumvi na utamu na kitu cha tatu asichokijua jina. Alikunywa mpaka tone la mwisho, na yule mama akafurahi.

Tangu siku hiyo alikula pale mara mbili, mara tatu kwa juma. Alijua kiti chake. Kijana mdogo alimwonyesha herufi zake, naye akamwonyesha za Kigujarati, na wote wawili wakacheka. Alizoea pia milio ya nyumba ile: unga ukipigwa, maji yakitokota, na ule mkwaruzo mkavu wa mama akiparua kipande cha mti mweusi juu ya kisanduku chenye wembe. Rajnikant alidhani anaparua vibanzi vya kuwashia moto. Korogwe pia watu huparua vibanzi. Basi hakuuliza. Aliandika nyumbani, na Manjula akamsomea mama barua: nimepata mahali safi pa kula, Ba, mchuzi wao ni maji ya kisima, hauna kitu ndani yake.

Urmila alifurahi. Manjula aliandika kwamba siku hiyo aliimba. Barua iliyofuata ilisema mama ameanguka jikoni. Joto la Korogwe, jasho, na mwili usio na chumvi. Misuli ya miguu ilimkaza, kichwa kikazunguka, akajipasua paji la uso kwenye kizingiti. Rajnikant aliandika akimwomba aache. Jibu lilikuwa neno moja: Rudi.

Lakini kazi haikumruhusu, na tuseme kweli, hata yeye hakuwa na haraka sana. Mtu hujisamehe kwa urahisi akiwa mbali.

Mwaka wa tatu alikuja ofisini karani Mgoa aliyeitwa Bernardo, Mkristo, mla kila kitu, mtu wa maneno mengi na moyo mzuri. Rajnikant, kwa fahari, alimchukua amwonyeshe mahali pake. Bernardo alionja mchuzi, akaweka kijiko chini.

"Raji, wewe si huli samaki?"

"Sili."

"Na huu nini?"

"Huu maji na majani ya baharini. Tazama, hauna kitu."

Bernardo alimwangalia kuona kama anatania. Halafu alimshika mkono, akampeleka nyuma ya kaunta kwa kumwomba radhi mama, akauchukua ule mti mweusi, akamwekea puani. Rajnikant alinusa. Haukuwa mti. Alikuwa ni samaki, amekaushwa kwa moshi na jua mpaka akawa mgumu wa kugonga msumari, na vibanzi vile havikuwahi hata siku moja kwenda kwenye moto. Vilikwenda kwenye chungu. Yule mama alipoulizwa alieleza kwa upole kwamba bwana alisema asiwekewe samaki, naye hakumwekea samaki. Huo ni mchuzi tu, na tambi bila mchuzi huliwaje?

Rajnikant alilipa, akatoka nje, akatapika ukutani mwa mtu, kisha akaomba maji akauosha ukuta ule. Miaka mitatu. Mama yake alikuwa akianguka jikoni kwa ajili ya neno ambalo yeye alikuwa ameshalivunja mara tatu kwa juma.

Hakwenda tena. Akawa anapita mtaa wa juu. Siku moja walikutana uso kwa uso, yule mama akiwa na kapu la vitunguu, akainama, akanyooka, akamtazama kama anayeuliza amemkosea nini. Rajnikant hakuwa na maneno ya kueleza mambo ya mababu na maji ya kiganjani. Aliinama naye, akapita.

Mwezi wa Julai mwaka huo, 1938, mvua ilinyesha Kobe siku tatu. Siku ya tatu mlima ulishindwa kujishika. Matope na mawe makubwa yalishuka na mito, yakapita katikati ya mitaa ile iliyokuwa ikimwagiwa maji kwa adabu, yakachukua watu. Mvua ilipokatika, Rajnikant na Bernardo walichukua majembe kama wengine. Hakuamua aende wapi. Miguu ilimpeleka.

Nyumba ya tambi ilikuwa imejaa matope mpaka juu ya mlango. Yule mama alikuwa nje, amemshika kijana wake mkono. Walichimba siku nzima, majirani na wao wawili. Mume walimpata jioni. Binti walimpata asubuhi ya pili, chini ya meza ileile, na Rajnikant ndiye aliyekuwa upande wa miguu walipombeba. Alikuwa mzito kwa matope. Alikumbuka uzito ule maisha yake yote, na hakuwahi kumweleza mtu vizuri.

Siku iliyofuata yule mama aliwasha moto chini ya kipande cha bati. Mtu mmoja alimletea unga, mwingine chungu. Akapika. Aliwaita wote waliochimba, akampa kila mmoja bakuli lake, na alipofika kwa Rajnikant alilishika kwa mikono miwili kama siku ya kwanza. Macho yake yalikuwa makavu. Aliibana midomo yake kwa nguvu, na ilionekana wazi kwamba kama huyu mgeni atalikataa bakuli lile, kitu alichokuwa amekishikilia tangu juzi kitaanguka.

Rajnikant alijua kilichomo. Harufu ilimfika puani kabla ya mvuke. Alilipokea, akala tambi zote, akanywa mchuzi mpaka tone la mwisho.

Mwanzoni mwa 1939 alirudi. Meli mpaka Mombasa, nyingine mpaka Tanga, halafu gari moshi mpaka Korogwe. Njia yote hiyo, majuma na majuma ya maji, alikuwa na swali moja tu. Miaka mitatu ya kutojua angeweza kuisema, kuhani wa Tanga angemwamuru afunge, akamsafisha. Kutojua kuna dawa. Lakini bakuli lile moja? Hakuna aliyeliona isipokuwa Bernardo, na Bernardo asingeliona kosa hata ukimwonyesha kwa taa. Akinyamaza, mama atakula chumvi. Akisema, Mungu ndiye anayejua.

Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, tunafundishwa tangu utotoni. Mama zetu hatufundishwi watasemaje.

Alimkuta mama amebaki mifupa na macho. Alimpokea mlangoni na taa, akampaka rangi nyekundu kwenye paji la uso. Ndani mkeka ulikuwa umetandikwa, na juu yake sahani mbili za wali na dengu, na pembeni ya sahani ya mama, kwa mara ya kwanza tangu 1935, fungu dogo la chumvi. Manjula alisimama nyuma ya pazia la jikoni. Girish alikuwa amefunga duka.

"Neno langu umelishika?" Urmila aliuliza. Alikuwa tayari amekaa.

Rajnikant alimweleza juu ya mti mweusi ambao haukuwa mti. Mama alisikiliza. Girish aliguna. Urmila alifumba macho kidogo, kisha akasema, "Hukujua. Mtoto akilishwa usingizini si mwizi. Na baada ya kujua?"

Hapo ndipo angeweza kusema hapana. Girish alikuwa akimtazama, akimsihi kwa macho. Hata Manjula, alikuja kumwambia baadaye, alikuwa akiomba nyuma ya pazia kwamba mumewe aseme uongo.

"Bakuli moja, Ba," alisema Rajnikant. "Nilijua, nikala."

Akamweleza mafuriko, na binti, na mama yule. Urmila hakumkatiza. Alipomaliza, mama alikusanya ile chumvi kwa kiganja, taratibu, bila kubakiza hata chembe, akamrudishia Manjula.

"Chumvi sitaila tena," alisema. "Na kitu chochote kilichotoka mkononi mwako hakitaingia kinywani mwangu mpaka nife. Sina hasira na wewe, Raji. Ila nilisema mbele ya Mungu wangu. Kula, chakula kinapoa."

Na akakaa pale kumtazama akila.

Kuhani aliitwa kutoka Tanga. Rajnikant alifunga siku alizoambiwa afunge, akanyolewa, akanywa alichopewa anywe, akatangazwa safi. Urmila alishukuru, akampa kuhani nguo mpya. Lakini jioni Rajnikant alipomletea maji ya kunywa, mama aliiacha gilasi pale pale.

"Mungu amekusamehe, nami nafurahi," alimwambia. "Lakini si Mungu aliyeacha chumvi."

Mama alimpikia kila siku, chakula kizuri, alichokipenda. Hakumsema, hakumnunia. Alimuuliza habari za kichwa chake na za tumbo lake. Ni hilo tu, kwamba akimpokonya mtoto wa jirani kipande cha muwa hucheka na kukitafuna, lakini akiona mkono wa mwanawe umebeba kitu huugeuza uso. Siku moja alianguka tena, Rajnikant akamfikia wa kwanza, akamwinua, akataka kumtia maji mdomoni. Urmila, nusu yuko nusu hayuko, aliyabana meno.

Girish hakuvumilia.

"Ungemdanganya ungekufa?" alimwambia dukani. "Neno moja tu. Wewe umestarehe na ukweli wako, na mama anakauka kama mpapai uliokatwa mizizi. Nenda Handeni. Akikuona kila siku anaumia."

Walikuwa na duka dogo Handeni. Rajnikant alikwenda. Manjula alibaki kumuuguza mama, kwa kuwa mama alikubali mikono yake, na hivyo mume na mke wakaishi miaka kama shemeji, wakionana sikukuu kwa sikukuu. Watoto hawakupata. Manjula hakulalamika, na hilo lilimuuma Rajnikant zaidi kuliko kulalamika.

Handeni ndiko alikoanza kutembea tena. Vita vilikuwa vimekuja, nguo hazikuwa dukani, jua lilikuwa limekausha mahindi, na mtu akikaa kwenye kiti alikuwa anakaa na mawazo yake tu. Alitembea mpaka Kwedizinga, kwa mkulima mmoja Mzigua, mzee Mdoe, ambaye zamani alikuwa akiwabebea mizigo ya nguo mnadani. Zamda, mkewe, alimwekea kigoda uani. Walichokuwa nacho walikila pamoja naye: ugali wa mtama, mlenda, siku ya bahati kisamvu. Na kila mara kabla hajanawa, Rajnikant aliuliza swali lake.

"Mama Mbwana, hakuna dagaa humu?"

"Bwana Raji," Zamda alijibu, "dagaa watatoka wapi na njaa hii? Hata panzi wameshahama."

"Hata ungaunga wake?"

"Nawa mikono, baba."

Walimtania kwamba anaogopa samaki kama watu wanavyoogopa nyoka. Hakuwaeleza. Alikuwa akinawa, akila, akishukuru, na kwa muda ule mdogo uani alikuwa mtu kama watu.

Mtoto wao Mbwana aliandikishwa uaskari, akapelekwa nchi ya Bama kupigana na Wajapani. Habari zilikuja mwaka wa arobaini na nne, zimeandikwa kwenye karatasi iliyopita mikono mingi. Rajnikant alifunga duka, akatembea chini ya jua kali mpaka Kwedizinga. Njia nzima alihofu watakavyomtazama. Yeye ndiye Mjapani wao.

Matanga yalikuwa uani. Mdoe alimpisha akae karibu naye.

"Wewe umekaa na watu hao," alimwambia. "Ni watu gani?"

 Rajnikant alimweleza juu ya mama wa tambi, kwa mara ya kwanza tangu siku ile mkekani: pazia la buluu, mlima, binti waliyemtoa matopeni, bakuli. Zamda alikuwa nyuma yao akisikiliza, nguo ya msiba kichwani.

"Na mama yako amekukatalia kwa hilo?" aliuliza Mdoe.

"Nilimwahidi, mzee."

Mdoe alitikisa kichwa. Kwao chakula cha msibani hakikataliwi, anayekikataa ni adui. "Ni mtihani," alisema. "Mama ni mama, na msiba ni msiba."

Zamda alikwenda jikoni, akarudi na sahani ya makande, akamwekea mbele. Siku hiyo Rajnikant hakuuliza kilichomo. Alikula.

Mwaka 1946, mwezi wa Februari, Girish alimtuma mtu na lori: mama haamki tena, njoo. Rajnikant alifika Korogwe mchana, vumbi jekundu la Handeni likiwa bado kwenye nyusi zake. Urmila alikuwa amelazwa sakafuni, juu ya mkeka, kama wao wanavyomlaza anayekwenda. Mwili ulikuwa mdogo wa kubebwa kwa mkono mmoja. Akili ilikuwa yake yote.

Pembeni Manjula alikuwa ameweka kikombe cha shaba chenye maji ya mto wao mtakatifu, yaliyoletwa kutoka India na kufungwa kwa miaka, na jani la mrehani likielea juu. Anayekufa hupewa maji yale kwa kijiko na watoto wake. Kwa Wahindu hakuna haki kubwa kuliko hiyo kati ya mtoto na mzazi, na Rajnikant alilijua hilo tangu kwenye lori. Maili zote zile alikuwa akilisema jambo moja tu moyoni: leo atanipokea.

Alikaa karibu na kichwa chake. Mama alifungua macho.

"Umetembea?" alimuuliza.

"Nimekuja kwa lori, Ba."

 Kisha akauliza jambo ambalo hakuwahi kuliuliza miaka yote saba. "Yule mama. Alibaki na nani?"

"Na mtoto mmoja, wa kiume."

"Alipokupa bakuli, alikupa kwa mikono miwili?"

"Miwili, Ba."

Kifua cha Urmila kilipanda na kushuka kwa shida. Manjula alikuwa analia bila sauti. Girish alisimama mlangoni, mkono ukutani.

"Ulifanya vizuri kula," mama alisema. "Amefiwa, amekupikia, ungemkataliaje. Mimi ningekuwa pale, ningekula."

Rajnikant aliinamisha kichwa mpaka kikagusa mkeka. Aliisubiri sentensi hiyo tangu 1939, na sasa alipoisikia alilia kama mtoto, bila kuona haya mbele ya kaka yake. Akajifuta uso, akachukua kijiko, akakichovya kwenye kikombe cha shaba. Akakishika kwa mikono yote miwili, akakisogeza kinywani mwa mama yake.

Urmila alikitazama kijiko, kisha akamtazama yeye. Machoni mwake hapakuwa na kitu isipokuwa upendo, kila aliyekuwamo chumbani alikiri hivyo baadaye.

"Lakini na mimi nilisema," alinong'ona, akaifunga midomo.

Walingoja. Tone moja lilianguka shingoni mwake, Manjula akalipangusa. Rajnikant alibaki vile vile, mikono imenyooshwa, mpaka Girish alipokuja akapiga magoti, akakichukua kijiko kutoka vidoleni mwake, akakimwaga, akakijaza upya, na mama akafungua kinywa.